Kadi ya Kimbunga

Orval Stucky, mpiga kamera wa kituo kidogo cha televisheni huko Kansas, hakuwa mtu wa maneno. Alilelewa na mama kiziwi, na nyumbani kwao ukitaka kusema jambo ulisimama mbele ya Hulda, ukasema taratibu, naye akakusoma midomo. Kadi ya dharura ya kituo, ile ya kuonyeshwa kwenye televisheni kukiwa na hatari, hasa kimbunga, aliichora Orval mwenyewe, herufi nene kama mihogo, na aliyekuwa akimfikiria ni mama yake.

"Ukiiona hii, Mama, usingoje kitu. Shuka handakini," alimwambia.

Hulda alishika neno hilo. Vimbunga viwili vilipita juu ya paa lake, na mara zote mbili vilimkuta yuko chini.

Ijumaa ile ya Novemba 1963, mchana, mchezo wa kuigiza ukiwa hewani, mtangazaji Merle alikuja mbio na karatasi.

"Orval! Rais kapigwa risasi Dallas! Niweke hewani!"

"Kamera imelala, Merle. Haioni kitu mpaka ipate moto."

"Nani kaizima?"

"Muulize bosi na ubahili wake."

"Basi weka kadi, nisome nyuma yake!"

Kadi ilikaa tayari kwenye mashine ya filamu. Orval akabonyeza, Merle akaanza kusoma, na eneo lao zima likasikia. Hapo ndipo Orval alipomkumbuka mama yake. Hulda hakukosa mchezo ule hata siku moja. Sasa sauti hakuisikia. Alichokiona ni kadi. Novemba si mwezi wa vimbunga, lakini kadi ni kadi, na nyonga yake ilikuwa mbovu, na mlango wa handaki ulimshinda hata Orval siku za baridi.

Simu ya nini kwa kiziwi? Akampigia jirani, haikupokelewa. Kuondoka asingeweza, maana kamera ile ilimtii yeye tu. Alisimama akiipapasa na kuilaani, hadi uso wa Merle ulipojitokeza kwenye kioo, kwanza kama moshi, halafu mtu.

"Bosi, shika hapa," Orval alimwambia mkubwa wake aliyekuwa ameingia studio.

"Una wazimu? Siku kama leo unakwenda wapi?"

"Kwa mama yangu."

Alikuwa bado njiani redio ya gari iliposema Rais amefariki. Akalia huku anaendesha, bila kujificha.

Mlango wa handaki ulikuwa umefungwa. Alipoufungua alimwona Hulda amekaa juu ya kreti la viazi, goti linatoka damu, koti limechanika, mzima.

"Nimeteleza ngazini, si kitu," alisema mama. "Kimepita?"

Orval akachuchumaa kwenye mwanga ili midomo yake ionekane.

"Si kimbunga, Mama. Rais ameuawa."

"Sema tena."

Akasema tena. Hulda alimtazama midomo, kisha macho. Halafu akajisogeza, akamwachia nafasi juu ya kreti.

"Basi funga mlango, mwanangu. Njoo ukae."