Jiwe Lililonuka Kitunguu Saumu

Kijijini kwetu Kakamega hakuna aliyepikia kitunguu saumu. Mboga zetu zilitaka chumvi, na maziwa yakiwepo. Ndiyo maana mama alipofua shati la baba akakuta linanuka saumu, aliuliza swali moja tu: "Nani anakupikia?"

Baba alikuwa mchimbaji wa dhahabu, kutwa akiponda mawe kwa nyundo. Aliapa hajala kwa mtu. Mama akamwambia pua yake haijawahi kumdanganya. Tangu hapo akawa anamtengea chakula na kuondoka, na mzee wa watu akala peke yake mpaka uzeeni. Hata leo nikikumbuka meza ile naona uchungu.

Siku ninakuja Marekani, baba alinipa jiwe la machimboni, jeupe, linang'aa kama sufuria mpya. "Si dhahabu," alisema, "lakini dhahabu hupenda kulala karibu nalo." Alizikwa nikiwa huku kazini, nawaogesha wazee wa watu wengine. Basi jiwe likawa ndiye baba. Nililiweka dirishani jikoni, hapa Annandale, nikawa nalipapasa kila nikiosha vyombo.

Muhula huu nasoma somo la miamba katika chuo cha karibu, nikalibeba kumwonyesha mwalimu. Alilitazama, akavaa barakoa na glavu, akaligonga ukingoni mara moja.

Baba akaingia darasani. Sina namna nyingine ya kulisema. Harufu ya shati lake, ile ile, na mimi mtu mzima nikalia mbele ya vijana wanaolingana na binti yangu.

Mwalimu alinieleza kwa upole kwamba ndani ya jiwe mna aseniki. Likigongwa hunuka hivyo; likichomwa hutoa moshi mweupe wenye sumu. Vumbi lake lisivutwe, mikono ioshwe, na jikoni lisirudi kabisa. Nikakumbuka kikohozi cha baba.

Nimelitia kwenye chupa, nikakaza kifuniko. Kisha nikampigia mama, nikamweleza yote.

"Kumbe ni jiwe," alisema. "Ukija, niletee."

"Mama, ni sumu."

"Nimesikia, mwanangu. Wewe niletee tu, nikae nalo mezani."