Siku Niliyopima Kasi ya Diski ya Harusi ya Zuhura

Nichekeni mapema mmalize, kisha mnisikilize, maana aibu hii nimekaa nayo miezi mingi na hadi leo kuna watu huku Bunju wakiniona tu wanatabasamu peke yao.

Ilikuwa siku ya kuvunja kamati ya harusi ya Zuhura, binti wa jirani yetu. Si mnajua zetu, harusi ikishapita wanakamati wanakutana tena kula, kupongezana na kuangalia video. Mie nilikuwa mwanakamati wa ufundi (cheo nilichojipa mwenyewe, kwa kuwa nina kompyuta na miwani). Safari hii tulikuwa na mgeni, bibi yake Zuhura kutoka Lindi, ambaye siku ya harusi alikuwa amelazwa hospitali, na sasa amesafiri kutwa nzima ili tu amwone mjukuu wake akiolewa. Kiti chake kiliwekwa mbele kabisa, karibu na ukuta tuliotundikia shuka jeupe la kuonyeshea.

Nikachomeka diski ya video kwenye kompyuta kwa waya wangu, video ikaanza, ikakwama. Mshehereshaji anatangaza bi harusi anaingia, mdomo umebaki wazi. Zuhura mwenyewe akaniambia, "Braza, acha tu, tutaangalia hivyo hivyo." Mtu mwenye akili angeacha. Mie nikasimama mbele ya kamati nzima nikatangaza kwamba diski ni nzito, na kwamba nitaipima kasi yake hapo hapo, kitaalamu.

Programu ya kupimia ninayo. Ina kipimo cha kusoma, kinachosoma tu vilivyomo, na kipimo cha kuandika, ambacho kinajaza takataka diski nzima, juu ya chochote kilichokuwemo, ili kuona inamudu vipi. Nilichagua cha kuandika kwa sababu moja ya kijinga: grafu yake ina rangi. Likatokea onyo refu la Kiingereza, na mie maonyo ya Kiingereza huwa nayakubali bila kuyasoma, nikabonyeza kwa kidole kimoja, kwa madaha, huku nimewageukia watu. Ukutani mstari ukaanza kupanda, nikawa naeleza ("hapa diski inapumua," niliwaambia, sijui hata nilimaanisha nini), mwenyekiti akapiga makofi, wote wakafuata, na bibi naye.

Baada ya robo saa kipimo kikaisha, matokeo mazuri ajabu. Nikafungua diski. Tupu. Nikaichomoa, nikaichomeka tena, tupu. Nikampigia mpiga video, akasema nakala yake alishaifuta apate nafasi ya harusi nyingine. Kaka yake Zuhura akaushika waya wangu wa kuchomekea, ule niliouzungushia solotepu, ukamkatikia mkononi. Ndio uliokuwa unakwamisha video kila ulipotikisika. Diski haikuwa na tatizo lolote.

Zuhura alilia. Hakuna aliyenitukana, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Bibi akaniita.

"Shikamoo bibi," nikasema, mara ya tatu siku hiyo.

"Marahaba. Kaa hapa. Wewe ulikuwepo, nisimulie."

Nikakaa sakafuni, nikaanza kusimulia. Aliingiaje ukumbini? Nikababaika, kwa sababu muda ule nilikuwa nje nawaonyesha vijana wa muziki jinsi ya kufunga spika zao (walikuwa wameshazifunga). Gauni lake je? Nikasema jeupe. Zuhura akasema lilikuwa la dhahabu. Alilia wakati wa kuagwa? Hapo nilikuwa kwenye foleni ya pilau, tena mara ya pili, na hilo nililisema kwa sauti ya chini sana.

Bibi akanitazama kwa huruma ambayo sitaki kutazamwa nayo tena maishani.

"Pole, mjukuu wangu," akasema. "Kumbe na wewe hukuiona."

Tangu siku hiyo diski ya mtu siigusi, hata aniombe kwa magoti, na nikialikwa harusini nakaa ndani, viti vya mbele, mpaka bi harusi aondoke.