Magoti ya Mama na Madaktari Wawili

Mama alipoanza kushindwa kuinuka kwenye msala akisali, nilimtoa kisiwani Juani nikamleta kwangu Kilindoni, nikawa nampeleka kwenye kituo cha afya cha binafsi karibu na nyumbani. Daktari wake alikuwa kijana mwenye sauti laini. Sikumpenda tangu siku ya kwanza. Kabla hajaligusa goti, alishaandika kipimo cha damu, cha mkojo na picha. Majibu yakitoka safi, anaandika vingine. Halafu dripu, halafu sindano. Niliuza mbuzi wangu wote, na mama bado alitembea kwa kushika ukuta.

Kijana yule alipokwenda likizo, tulipokewa na mwenzake, mwanamke wa makamo, mkavu wa maneno. Alimkunja mama miguu, akamkunjua, akamwuliza anafanya kazi gani.

"Mwani," mama akasema. "Tangu wanangu wadogo."

"Goti limechakaa, mama. Hakuna dripu ya kulirudisha. Meza hizi ukiumwa, fanya mazoezi nitakayokuonyesha, na kule kuinama majini uache."

Tulilipa kidogo tukatoka. Mimi nilifurahi, mama alikasirika. Njia nzima alinung'unika.

"Huyu hajanipima hata damu. Kaniona maskini."

Kijana aliporudi kazini, mama akataka turudi kwake. Akaandika dripu tena. Nikamwuliza mbele ya mama kwa nini mwenzake, chumba kile kile, goti lile lile, hakuiona haja hiyo.

"Kila daktari ana namna yake ya kutibu," akajibu, huku anaendelea kuandika.

"Na namna yako nailipia mimi."

"Basi usilipe."

Sikulipa. Nilimshika mama mkono nikamtoa, naye akaninyang'anya mkono wake pale pale mlangoni, watu wakiangalia. Kesho yake alimpigia kaka yangu aliyeko Dar es Salaam, akamwambia namnyima matibabu. Kaka alituma pesa kwa mama, na kwangu akatuma matusi.

Sasa kaka ndiye anayelipa. Mama huenda kwa bodaboda peke yake, hurudi na plasta mkononi, magoti ni yale yale. Nikimwamkia shikamoo, huitika marahaba kama anayemjibu mpita njia. Juzi nilikutana na yule kijana sokoni, anachagua changu kwenye meza ya samaki. Aliniamkia kwa adabu zote. Sikumwitikia, na sijutii.