Kiti cha Mbele cha Gari la Laoban Fang

Kila asubuhi kabla ya kutoka, Mjomba Burhani alizungushia pamba kwenye njiti ya kiberiti akasafisha masikio. Mama alikuwa akimwambia, "Utayatoboa hayo, ubaki kiziwi ugenini."

"Dada, wenzangu wanakula kwa mikono. Mimi nakula kwa masikio."

Na ndiyo iliyokuwa kazi yake. Dar es Salaam alikuwa dereva wa hoteli. Guangzhou, China, alikuja kumsaidia Mama, mwenye ofisi ya kusafirisha mizigo pale jengo la Tianxiu, kisha akachukuliwa na kiwanda kidogo upande wa Huangpu kilichokuwa kinatengeneza gari lake la kwanza la kifahari, la kuuza Afrika. Kutwa nzima anaendesha barabara ya bandarini katikati ya malori ya makontena, anasikiliza. Dirisha likipiga mluzi, anasema. Mlango ukigonga, anasema. Mafundi wanafungua, wanakaza, wanabandika sponji, kesho anarudi barabarani. Ukiondoa kelele moja, iliyojificha nyuma yake inajitokeza. Mwaka wa pili huo. Jioni akifika nyumbani analala chali sakafuni na viatu vyake, chai inapoa.

"Nimechoka mpaka kwenye kucha," alisema siku moja. Nilikuwepo, lakini alikuwa anaiambia dari.

Mwisho zikabaki breki. Zikipata moto, gari linavuta kushoto. Alisema, wakabadilisha vyuma, likavuta tena. Mwenye kiwanda, Laoban Fang, yaani Bosi Fang, naye akachoka. "Cha bu duo," akasema, maana yake imekaribia, inatosha. Kibali cha Mjomba cha kukaa China kilikuwa mikononi mwa laoban huyohuyo.

Mama alitaka kuwa wakala wa gari hilo Dar. Siku ya kulijaribu, laoban alikuja nasi. Alimfungulia Mama mlango wa nyuma, akainama. Kwao mkubwa hukaa nyuma, na gari zima lilitengenezwa kwa ajili ya huko nyuma: ngozi, mapazia, utulivu kama wa msikitini. Mama akampita, akafungua mlango wa mbele.

"Nimwache ndugu yangu mbele peke yake kama kuli? Lulu, kaa nyuma wewe na bosi."

Laoban alicheka, lakini mkono wake ulibaki kwenye ule mlango.

Tukaenda hadi bandarini. Nyuma sikusikia kitu. Tulipokuwa tunateremka daraja, malori mbele yetu yakawa yanasimama kila mara, na Mjomba naye anakanyaga breki. Nikaona Mama ameishika dashibodi.

"Burhani, mbona unakata kulia na barabara imenyooka?"

Laoban akauliza kwa Kichina Mama anasema nini.

"Anasifia kiti," Mjomba akamjibu kwa lugha yake. Kisha kwa Kiswahili, polepole, "Nimeambiwa nikuambie ni barabara."

"Na wewe mwenyewe unaniambiaje?"

"Usilichukue, dada. Breki zikipata moto zinavuta. Litaua watoto wa watu."

"Na kibali chako?"

"Nimechoka."

Laoban hakudanganyika; alimgusa Mjomba begani, "Mwambie ni barabara."

Mjomba akaegesha pembeni, akazima, akaacha ufunguo palepale. "Nimemwambia ni breki," akasema kwa Kichina, akashuka.

Laoban alitoa kichwa dirishani, uso mwekundu. "Utakwenda wapi? Bila mimi watakurudisha kwenu!"

"Basi watanipunguzia nauli."

Mama alimwita, "Burhani, ngoja basi tufuatane!" Alipunga mkono bila kugeuka. Alipita kando ya malori, mikono mgongoni, anatembea kama mtu aliyetumwa dukani na hana haraka, mpaka kontena la buluu likamficha. Kiwandani hakurudi tena.