Matope ya Ziwa Kwenye Kichanja cha Mama

Mimi nina hasira za karibu, na sitajitetea. Siku ile nilimfokea mama yangu mzazi, kisa matope.

Nilikuwa nimetoka Lipingo, ambako kwa wiki tatu tulishinda kwenye pantoni katikati ya Ziwa Nyasa tukichoronga sakafu ya ziwa. Huko chini kabisa maji hayana hewa, wala matope hayana, lakini ndani yake mna vijidudu vinavyoishi hivyo hivyo. Wenzetu wanavitafuta chini ya bahari kuu. Mimi nilivitafuta nyumbani. Mabomba manne yaliyojaa matope hayo yalikuwa ya utafiti wa shahada yangu. Niliyaziba huku na huku, nikayalaza kwenye deli lenye barafu. Pantoni ilishaondoka na mitambo yake, kwa hiyo mengine nisingepata.

Nililala Mapera kwa mama ili kesho yake mchana nipande basi. Kulipokucha, barafu ilikuwa imeanza kuyeyuka. Nikaita bodaboda niwahi Mbinga mjini kutafuta nyingine. Mama akauliza kwenye deli mna nini. "Mizigo ya kazini tu," nikamjibu, nikaondoka.

Niliporudi, matope yangu yote yalikuwa yametandazwa juu ya kichanja, pale pale anapoanikia kahawa, na mama anayageuza kwa mkono, taratibu, juani. Mabomba ameshayaosha na kuyaegemeza ukutani.

"Pole baba, yalishaanza kuoza," akasema. "Nimesikia harufu ya mayai viza, nikajua umeyafungia na maji yake. Kidogo yakuharibikie."

Mtu aliyezeeka na kahawa hawezi kuona kitu kibichi kimefungiwa akatulia. Hilo nalijua, nimelelewa nalo. Lakini wakati ule sikutaka kujua chochote. Nilimwambia ameniua, kazi ya miaka miwili imekwenda na maji, nani alimtuma aguse. Maneno mengine naona aibu kuyaandika.

Mama akafuta mikono kwenye kanga. "Kwani yalikuwa ya nini?"

Nikamweleza, bado nahema: humo mna viumbe hai, na hewa ndiyo inayoviua. Akayatazama matope.

"Kumbe vilikuwa hai," akasema kwa sauti ndogo. "Na mimi nimeviua. Mbona hukuniambia, baba?"

Kule Lipingo niliwaeleza wanafunzi wa shule nzima, nikamweleza mtendaji wa kata, hata wapishi wetu. Mama yangu nilimwona hataelewa. Alielewa kwa sentensi moja.

Nikampigia simu mwalimu wangu wa chuo, mama kasimama kando yangu. Nikasema sampuli zimeharibika, na kosa ni langu. Mama akanivuta shati.

"Mwambie ukweli. Ni mimi niliyefungua."

"Huo ndio ukweli, mama," nikamwambia, simu ikiwa bado sikioni.