Kikombe cha Bibi Asubuhi ya Idi

Harufu ya kahawa yenye tangawizi hunirudisha kwenye wikio letu, chumba kilichojengwa juu ya kichochoro kuunganisha nyumba ya Baba na ya Ami, mdogo wake. Humo alilala Bibi, mama yao, nami miguuni pake.

Watu wa mtaa walisema ndugu hao hawaivi chungu kimoja. Nami, mtoto wa kuuliza kila kitu, nilijiuliza mbona chungu kilichowapika ki kizima, kimekaa kitandani kinavuta uradi.

Mwaka ule mwezi ulileta balaa. Alfajiri mashua ilifika kutoka Pate, mabaharia wakaapa msikitini kwamba wameuona. Baba akavaa kanzu mpya. Ami akasema hapa kwetu Amu hakuna aliyeuona. Yeye angali amefunga. Kufunga siku ya Idi ni haramu, na kula mchana wa Ramadhani ni dhambi. Akabaki Bibi, na kila mwana alimtaka upande wake.

Baba aliingia kwa mlango wake na kikombe. "Mama, nwa. Idi hiyo."

Ami akatokea mlango wa pili. "Umeuona kwa mato yako, au kwa mato ya wauza samaki?"

"Kwani Pate si nti hii?"

"Mama, ukinwa, mlango wangu nitauziba kwa mawe."

"Asiponwa, wangu nitauziba mimi," Baba akajibu.

Kahawa ilifuka mvuke kati yao. Bibi aliutazama mlango mmoja, kisha wa pili. Wanawake wa nyumba kama yetu hawakutoka njiani mchana. Mlango ukizibwa, mwana mmoja amempotea.

"Nipe," alisema. Ami akashika komeo. Bibi akaendelea, "Nanwa kwa kuwa mimi ni mgonjwa. Mgonjwa ana ruhusa. Kama Idi si leo, nitailipa siku yangu."

"Mgonjwa wa nini?" niliropoka. Alfajiri hiyo hiyo alikuwa amenikimbiza ngazi zote hadi darini kwa kuchelewa kutawadha. Akanifinya paja. Akanywa. Kila mwanawe akarudi kwake, na milango ikabaki wazi.

Nilimkasirikia kwa miaka. Nilitaka aseme nani mkweli. Hata chuoni, mbali na Amu, niliwasimulia wenzangu kisa hiki kama mfano wa woga.

Baadaye sana ndipo nilipoona alicholipa. Ndugu wale wasioelewana kwa lolote walielewana kwa hilo moja: Mama ni mgonjwa. Wakamkataza ngazi, wakamkataza jiko, wakamwekea mtu wa kumshika mkono. Ramadhani iliyofuata hawakumruhusu kufunga hata siku moja, na Bibi, mzima kama mimi, akawa anakula mchana ameelekea ukutani.