Mistari Myeusi Juu na Chini ya Picha

Siku yangu ya kwanza kazini sikuruhusiwa kugusa kompyuta. Mkurugenzi wetu, Mhindi mzaliwa wa Kisutu mwenye studio ya video ghorofani Kariakoo, alinikalisha nyuma ya kiti chake. "Binti, leo kazi yako ni kutazama tu," akasema. "Mhariri asiyejua kutazama atakata watu vichwa."

Serikali ilikuwa imeifungulia milango biashara ya nje. Kompyuta zilizotumika ziliingia kutoka Dubai, na kila mwenye harusi alitaka mkanda wake uwe "kama sinema". Kwa wateja wetu, sinema ilikuwa mistari miwili minene myeusi, mmoja juu na mwingine chini, ili picha ya katikati ionekane pana. Katika programu ya kuhariri, picha ilikaa chini. Juu yake tuliweka bamba jeusi lenye uwazi katikati, tukalivuta hadi mwisho wa video. Hapo ndipo kazi ilipoanza, maana kila tukio lilibidi lipandishwe au lishushwe ndani ya uwazi ule, paji la uso la bibi harusi lisimezwe. Umeme ukikatika, tunaanza upya.

Mwaka mmoja mvua ilijaza maji bonde la Jangwani. Akaja Bi Zuhura, mkazi wa huko, ameshika mkanda wenye tope.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Marehemu mama yangu yumo humu. Picha nyingine zote zimekwenda na maji."

Mkurugenzi aliugeuzageuza. "Dada, tukiucheza unaweza kukatika."

"Ulivyo sasa haunisaidii kitu, kaka. Jaribu."

Tuliusafisha utepe, tukaukausha kwa feni na kuuhamishia kwenye kasha jipya. Ulipocheza, nilisogelea kioo. Kingo za utepe zilikuwa zimeliwa na tope: sauti hakuna, na juu na chini ya picha chenga zinaruka.

"Weka mistari," Mkurugenzi akaniambia taratibu.

Ile mistari ya mbwembwe ikafunika chenga zote. Nikashughulikia tukio moja moja, uso wa marehemu ubaki wazi.

Bi Zuhura alirudi na wadogo zake. Kwenye kioo, mama yao, amejifunga kanga, alitoka jikoni na sinia la pilau, akapungia kamera mkono, midomo ikicheza. Nikaanza kuomba radhi kwa kukosa sauti. Mdogo mmoja akacheka huku analia.

"Sauti ya nini? Si anasema, 'Zimeni hilo dude, njooni mle!'"

Wakayarudia maneno hayo ya mama yao wote kwa pamoja. Mkurugenzi akageukia dirishani, akafuta miwani yake.

Baadaye nilihamia kituo cha televisheni katikati ya jiji. Mkuu wa Uhariri wa pale hakuitaka mistari kabisa. "Watazamaji watadhani seti zao zimeharibika," alisema, nami nikatii. Kisha nikaingia kwenye filamu, ambako waliidai tena. Kila bosi alinifundisha lake, na wote nawashukuru.

Leo ninyi vijana mnaiweka mistari hiyo kwa kugusa simu. Sioni wivu, nafurahi kwamba mmepunguziwa taabu.

Nilipostaafu, wenzangu walinirekodi nikiaga. Nilitaka kumshukuru Mkurugenzi, ambaye wakati huo alikuwa ameshatangulia mbele ya haki. Nikafungua kinywa, maneno yakagoma, nikabaki nimeitazama kamera. Dada aliyehariri video ile aliniuliza kama akate kipande hicho.

Nikamwambia akiache kama kilivyo.